Mwulize Mpishi

Sidi mama,

Naandika kwa sababu nikisema nitapaza sauti, nikipaza sauti utanyamaza, na wewe ukishanyamaza hunirudii hadi wiki ipite. Wiki hatuna. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Nairobi, na tangu Jumapili hatujasemezana zaidi ya "shikamoo baba" na "marahaba". Mimi ambaye Ganda nzima inanijua kwa mdomo, ninayetangaza vifo na harusi kwa kipaza sauti juu ya gari, nimekosa la kumwambia mtoto wangu mwenyewe. Basi nimeazima kalamu ya ndugu yako, na wino wake unakatakata, univumilie.

Hayo ya kula, kujifunika, kupiga simu na kutowaamini watu wa stendi, mama yako ameshayasema na bado anayasema sasa hivi huku anakukunjia nguo. Namsikia kutoka hapa barazani. Sina la kuongeza. Baridi ya huko utaijua ukifika.

Mimi nataka tuongee juu ya Jumapili.

Jumapili ulitukalisha baada ya chakula ukasema tusikilize sauti uliyowatumia watu wa studio, ile iliyokupatia kazi. Tulishajua kazi yenyewe ni kuingiza Kiswahili kwenye sinema za zamani za upelelezi, zile zisizo na rangi, za wapelelezi wenye kofia na makoti marefu, ambazo televisheni inataka kuzionyesha upya kwa lugha yetu. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Majirani walishaanza kuniita baba wa msanii, na sikuwakataza.

Ukabonyeza simu; walikuwa wameshaiunganisha sauti yako na za wasanii wengine. Akaja kwanza mwanamke tajiri ambaye mumewe ameuawa, Kiswahili chake kimenyooka kama cha msoma habari. Akaja mpelelezi, naye vivyo hivyo. Halafu akaja mtumishi wa jikoni, mwanamke mweusi peke yake katika sinema nzima, na huyo ndiye wewe. "Sijui, bwanaaa." Ukaivuta, ukaizungusha, ukaitolea puani. Mama yako alicheka hadi akafuta macho kwa leso. Ndugu yako alianguka mkekani. Nawe ukatuambia, umejaa furaha, kwamba yule mama wa studio ameipenda sana, ila amekuomba uongeze upwani kidogo.

Mimi nikainuka nikatoka. Ulidhani nimekukasirikia wewe. Si wewe, mama. Au niseme kweli, si wewe wa kwanza.

Lakini ngoja kwanza nimalize hasira, maana nikiiacha itanizuia kuandika mengine. Ongeza upwani kidogo. Upwani ni nini, chumvi ya kunyunyizia mchuzi? Nimetazama televisheni yao miaka na miaka. Mtu wa pwani wanampa kazi tatu: mganga, jini, au mlinzi aliyelala na redio kifuani. Mimi nimezaliwa hapa, nimezeeka hapa, na jini sijakutana naye. Niliokutana nao ni watu wanaoamka alfajiri kwenda kulima Magarini, na wengine wamesimama kwenye maji ya chumvi Marereni hadi ngozi ya miguu inawachubuka. Hao sijawaona kwenye televisheni hata siku moja. Nadhani hawachekeshi.

Na sasa wanachukua sinema ambazo tangu mwanzo zilimnyima mtu mweusi kinywa, wanazileta huku kwetu, kwa watu weusi, nafasi imefunguka ya kumpa kinywa hicho. Wanampa kinywa cha kuchekwa. Wazungu wa zamani walimnyamazisha. Sisi tumemfungulia mdomo ili adhalilike vizuri zaidi. Niambie nani mbaya hapo.

Nikuungamie jambo. Jumatatu ulipokwenda Malindi kuchukua tiketi, nilitoa namba ya yule mama wa studio kwenye kijikaratasi ulichobandika ukutani, nikampigia. Usikunje uso. Jina lako sikulitaja, nilijitambulisha kuwa ni mzazi wa msanii mmoja. Alikuwa na adabu, nakiri. Akaniita mzee. Nikamuuliza yule bibi tajiri kwenye sinema ni mtu wa wapi kwa Kiswahili chake.

"Ni wa mjini tu, mzee."

"Mji gani?"

Akacheka kidogo. "Hana mahali, mzee. Anaongea kawaida."

"Na mpelelezi?"

"Naye kawaida."

"Na mpishi?"

Hapo akasema, "Mzee, ni burudani tu."

Nilitaka kumuuliza burudani ya nani, nikakata simu kabla sijaharibu riziki yako. Lakini maneno yake nimekaa nayo. Mwenye mali anaongea kawaida, hana kwao. Mwenye aproni ndiye ana kwao, na kwao ni hapa kwetu.

Haya. Hasira imepungua. Sasa nikueleze ilikotoka.

Unajua kwamba nikiwa kijana nilifanya kazi Marereni, na kwa kuwa Marereni ni chumvi, wewe na ndugu yako mmedhani nilikuwa nikivuna chumvi. Nilivuna msimu mmoja, nyayo zikapasuka, nikakimbia. Kazi niliyodumu nayo ilikuwa kwenye kibanda cha video cha Bwana Mahfudhi, mwenye duka, aliyekuwa na televisheni moja, deki moja na jenereta la kunguruma nyuma ya ukuta. Wavuna chumvi walikuja wakishaoga, wakakaa kwenye mabenchi, Wagiriama wenzetu na watu wa bara waliokuja kutafuta kazi. Kiingereza wengi hawakukijua. Basi mimi nilisimama kando ya televisheni na maikrofoni, nikawageuzia sinema kwa Kiswahili papo hapo. Wote nilikuwa mimi: mwizi, polisi, mke wa polisi, mlango unaogongwa. Kiingereza changu kilikuwa cha shule ya msingi, kilichobaki ni ujasiri.

Bwana Mahfudhi alikuwa amenunua sanduku la kanda kwa Mzungu mmoja mzee wa Malindi aliyekuwa anarudi kwao. Sanduku zima lilikuwa sinema za upelelezi zilizotengenezwa kabla mimi sijazaliwa. Mvua, kofia, sigara, ngazi za giza, mwanamke mwenye siri. Hatukuwa na nyingine, tukazionyesha hadi kanda zikachoka. Kwa hiyo hizi sinema wanazokupa wewe leo, mimi nazijua. Huenda moja mbili ni zile zile.

Ndani yake watu weusi wamo, lakini inabidi utazame haraka. Mmoja anabeba mizigo stesheni. Mmoja anafungua lifti. Mmoja anapuliza tarumbeta kwenye kilabu, na kamera inampitia tu kwenda kumtafuta Mzungu anayekunywa. Na mpishi, mwanamke mnene mwenye aproni nyeupe, anayetumbua macho mlio wa bastola ukisikika. Hawauawi, na wala hawaui. Mwanzoni nilidhani hiyo ni heshima, kwamba angalau hawa hawatuiti wezi. Sikuwa nimefikiri. Utamu wa hadithi ya upelelezi ni kwamba kila mtu anashukiwa: mke, mpwa, daktari, wakili, jirani. Katika moja hata mbwa alikaguliwa makucha. Mtu asiyeshukiwa katika hadithi ya namna hiyo hajaheshimiwa. Wamemwona hana hata akili ya kuua. Amekuwa kiti.

Na watu wangu wa Marereni, baada ya kuinama kwenye jua siku nzima, walilipa kiingilio chao wakaketi kumtazama mtu pekee anayefanana nao akileta kahawa.

Ungedhani mimi mwenye maikrofoni ningemhurumia. Nilifanya nini? Mpelelezi nilimpa Kiswahili cha mji wa kale wa Malindi, kizito, cha kuvaa kanzu. Mpishi nikampa sauti ya mama yangu.

Hawe wako, huyo mama yangu, ambaye jina lake ndilo lako, na ndiyo maana nakuita mama hadi wenzako shuleni walikuwa wakikucheka, alipika kwenye nyumba ya Wazungu upande wa ufuoni Malindi tangu mimi sijaota meno. Kiswahili alikiokota jikoni, na Kigiriama kilikaa chini yake kikimsukuma. Nilikijua tangu nikiwa mgongoni mwake. Mpishi wa kwenye sinema alipofungua mdomo kusema maneno yake mawili, mimi niliyavuta yakawa kumi, nikaongeza na "Sijui, bwanaaa", kwa sauti ile ya mama, nikiitolea puani. Kibanda kiliangua kicheko. Kesho yake walikuja wengi zaidi. Mtu mmoja aitwaye Kahindi, mvuna chumvi mwenye kifua cha ngoma, alikuwa akipiga kelele kutoka benchi la nyuma, "Katana, mrudishe mpishi!" na Bwana Mahfudhi anarudisha kanda nyuma, mpishi analeta kahawa mara ya pili na ya tatu. Nikawa na jina. Hata watoto njiani waliniita Mpishi.

Nikalewa sifa, nikamwalika mama. Ndiyo, nilimwalika mwenyewe, nikamlipia nauli kutoka Ganda. Nilitaka aone mwanawe anavyopendwa. Na lile la sauti yake niliona ni zawadi, nilidhani atacheka kuliko wote.

Alikuja amevaa hando lake jipya la marinda na leso mbili, akakaa benchi la wanawake. Nikaanza. Mpishi alipoingia na sinia, nikaivuta kuliko siku zote, kwa kuwa mwenyewe yupo. Watu wakacheka, kisha mmoja akageuka kumtazama, mwingine akageuka, wakaelewa. Kicheko kikaongezeka. Mimi nikaona ni furaha. Yeye alibaki ametazama mbele, mikono magotini, hadi sinema ikaisha na muuaji akapatikana kuwa ni yule mpwa.

Tulirudi kwenye chumba nilichopanga. Akaosha bakuli ambazo zilikuwa safi. Nilisubiri sifa.

"Katana," akasema.

"Naam, mama."

"Yule mwanamke umempa sauti yangu."

"Ndiyo, mama."

"Basi ungempa na macho yangu."

Sikuelewa. Akakaa kitandani, akanieleza polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. Yule mpishi alikuwa ndani ya nyumba. Ndiye aliyemfungulia mpwa mlango. Ndiye aliyeosha gilasi. Ndiye aliyejua bwana amekula na nani. Yule bwana wa kofia alimuuliza mke, akamuuliza daktari, akamuuliza jirani anayekaa mbali, na yule aliyekuwamo ndani amemuomba kahawa.

"Mbona hawakumuuliza?" akasema. "Na wewe umeshika kile chombo cha sauti, mbona hukumuuliza?"

Halafu akanieleza jambo ambalo nilikuwa silijui, na wewe hulijui, na ndilo lililonitoa mkekani Jumapili.

Nilipokuwa darasa la tatu, mama aliwahi kutoweka nyumbani kwa siku kadhaa. Baba alituambia amekwenda Kilifi kumuuguza shangazi. Tukaamini, tukala viazi vya kuchoma vya baba, akarudi, tukasahau. Hakwenda Kilifi. Alikuwa kituo cha polisi Malindi.

Memsahib wake, yule Mzungu mwenye nyumba, alipotewa na pete. Asubuhi ile alitaka kufundishwa kukanda mahamri awapikie wageni wake, na mama alimwona akiivua pete na kuiweka ukingoni mwa debe la unga. Kisha mlango ukabishwa, memsahib akaenda kufungua, na kukanda kukaishia hapo. Jioni pete haipo. Wakaja askari kanzu wawili. Katika nyumba ile walikuwamo memsahib, mumewe, na wageni waliokuwa wakiingia na kutoka. Hakuna aliyeulizwa ila mpishi.

"Walisema, 'Umeiweka wapi?'" mama aliniambia. "Nikasema, 'Sijui, bwana.' Kweli sikujua, sikuiweka mimi. Wakauliza tena. Nikataka kusema, bwana, mimi nilimwona mwenyewe akiivua. Mmoja akanikata. Akasema, jibu ulichoulizwa."

"Ukamjibu nini?"

"Sijui, bwana."

Hadi anatolewa aliruhusiwa maneno hayo mawili tu. Pete ilipatikana mpishi mpya alipochota unga wa mkate. Umesikia, Sidi? Mpishi mpya. Walishamwajiri mwingine kabla ya pete kupatikana. Memsahib akatuma dereva akamchukue mama kituoni, na ndani ya gari mlikuwa na fungu la sukari. Pole hakumwambia. Alimwambia kuna wageni kesho.

"Na ukarudi kupika?" nikamuuliza, na nilimuuliza kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake.

"Nilirudi. Ulitaka karo ilipwe na nani?"

Nikakaa na hilo usiku kucha, na hadi leo nimekaa nalo. Kwenye sinema mpishi hakuulizwa kabisa. Kwetu aliulizwa swali lenye jibu ndani yake. Na mimi mwanawe, niliyesomeshwa kwa mshahara wa jikoni ile, nilikuwa nimesimama mbele ya watu na maikrofoni nikimpigia kelele "Sijui, bwanaaa", na watu wanacheka. Sikujua, ndiyo. Lakini kutojua kwangu hakukumpunguzia chochote alipokuwa ameketi pale na mikono magotini.

Jioni iliyofuata mama alikuwa ameshapanda gari kurudi Ganda. Tukaweka sinema ile ile. Mpishi akaingia na sinia, Kahindi akaanza kucheka mapema. Nikamwambia Bwana Mahfudhi asimamishe kanda. Picha ikaganda pale, inatetemeka, yule mwanamke ameshika sinia ametazama chini. Nikasema kwa sauti ya mama yangu, lakini ile ya kweli, isiyovutwa: "Bwana, hujaniuliza. Mimi ndiye niliyemfungulia mlango. Gilasi zilikuwa mbili, nimeziosha mimi. Ukitaka kujua nani alikunywa, ongea na mimi, kahawa itapoa yenyewe."

Hakuna aliyecheka. Kisha Kahindi akasema taratibu, "Haya sasa." Na watu wakaanza kusema, mmoja mmoja, mwulize, mwulize mpishi. Wakamsemesha yule mpelelezi kwenye televisheni kana kwamba anawasikia. Kanda ilipoendelea na yeye akaenda kumhoji daktari, walimzomea.

Bwana Mahfudhi alinishika pembeni. "Wewe unatafsiri au unatunga?"

"Natafsiri alichokiona."

"Pale hakusema kitu."

"Ndiyo hivyo hivyo, Bwana. Hakusema."

Hakuridhika, lakini watu walirudi, akanyamaza. Neno likaenea. Mashine ya kuvutia maji ilipopotea kule mashambani mwa chumvi na wasimamizi wakaja kuwapanga vibarua mstari, watu walikuwa wakinong'ona, "Mwulizeni mpishi." Wasimamizi hawakujua wanasemwa nini. Hadi leo ukienda Marereni utawakuta wazee wanaosema hivyo pale wakubwa wanapoketi kuamua jambo bila kumwita anayelijua, na hawakumbuki neno limetoka wapi.

Ningependa kuishia hapo. Ni mwisho mzuri, na mimi ndani yake natoka mtu mwema. Lakini kuna Jumapili.

Sauti uliyowapa watu wa studio, umeitoa wapi? Hawe wako hakuwahi kuongea hivyo. Ulipokuwa mdogo ulikataa kula. Mama yako alishika bakuli hadi mkono ukafa ganzi. Siku moja nikajaribu ile sauti ya zamani ya kibandani, ya puani. "Mimi mpishi, bwanaaa, ugali uko tayari, bwanaaa." Ukafungua kinywa kucheka, kijiko kikaingia. Basi ikawa kila siku. Kibandani niliiacha, nyumbani nikairudisha, kwa sababu ilikushibisha na kwa sababu nilikuwa nimesahau, na mtu husahau upesi jambo ambalo halikumuuma yeye. Hawe wako alikuwa hai bado, mzee, akiketi pale pale ninapoketi sasa, akinisikia. Hakusema kitu. Ulikuwa unakula, nadhani alitazama hilo.

Kwa hiyo Jumapili ulipobonyeza simu nilisikia sauti yangu. Niliwatengenezea mimi, nikakupa, nawe umewapelekea, na wao wanataka iongezwe. Ndiyo maana nilitoka. Ningebaki ningekupigia kelele wewe, na wewe huna kosa lolote isipokuwa kwamba ulimpenda baba yako akikuchekesha.

Sikuambii ukatae kazi. Nilifikiria, nakwambia kweli, nilifikiria hata kuificha tiketi, na naijua iko wapi. Lakini nikajiuliza, ukikataa wewe, watampata mwingine wa kuivuta vile vile, labda mtu asiyewahi kufika hata Mtwapa, na hawe wako ataendelea kuchekwa bila mjukuu wake kuwepo chumbani. Afadhali uwepo. Hukupata kazi ya kiti, umepata kazi ya sauti, na sauti si ya yule mama wa studio, inatoka kooni mwako. Huenda watakuambia hivyo sivyo, ongeza kidogo. Huenda mara ya tatu watakuambia urudi kwenu. Ukirudi, njia unaijua, na kipaza sauti changu kina kazi ya watu wawili; watu hawaachi kufa wala kuoana.

Mama yako ameita tule. Ameshakasirika kwamba naandika badala ya kukutengenezea zipu ya begi. Barua hii nitaiweka ndani ya kile kitambaa cha hawe ulichosema unakichukua. Isome basi likishapita Mariakani, usiisome mbele yangu.

Ulinionyesha mstari wako kwenye sinema ya kwanza mtakayoingiza sauti, Jumapili, kabla hujabonyeza simu. Nimeushika. Bwana mkubwa amelala amekufa sebuleni, nyumba imejaa polisi, mpelelezi anapita jikoni, hata hasimami, anauliza kama kuna mtu ameona kitu, na kabla hajasikia jibu ameshageuza mgongo. Wewe una maneno mawili. Hawakukupa mengine, na mimi siwezi kukuongezea. Huko hakuna wa kusimamisha kanda.

Yaseme hayo hayo mawili. Usiyavute. Simama mbele ya maikrofoni, kumbuka debe la unga, kumbuka ukingo wake, na useme "Sijui, bwana" kama mtu anayejua.

Ni mimi baba yako,
Katana